Jiko la Mia Mbili

Mimi ndiye niliyelifunga jengo la dada yangu. Nalisema mapema, ili mtu asije akaninong'oneza baadaye kana kwamba ananipa habari mpya. Nilikwenda asubuhi moja na futi kamba yangu na tochi, nikatia kidole kwenye ufa uliokuwa kati ya darasa la nne na la tano, kidole kikazama mpaka kwenye pete. Nikatoka nje, nikabandika karatasi nyekundu mlangoni: jengo hili ni la hatari, mtu yeyote asiingie. Dada alikuwa amesimama nyuma yangu, mwalimu mkuu mzima, vumbi la chaki mpaka kwenye kiwiko. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Watoto niwaweke wapi?" Nikamjibu kwamba hilo si la idara yangu.

Mpaka leo nikilikumbuka jibu lile nafsi inanisuta.

Miaka miwili imepita. Tangu siku ile shule inakwenda kwa zamu, nusu ya watoto asubuhi na nusu mchana, vyumba sita vya madarasa kwa watoto mia nane na ushee, na walimu ni wale wale, wanaingia saa moja asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni, sauti zimewakauka. Dada anastaafu mwezi wa saba. Katika miaka hiyo miwili hajaomba kitu kingine chochote isipokuwa jengo jipya la madarasa manane, alione kwa macho yake kabla hajakabidhi ofisi. Na huyu si dada wa kuitana tu, ieleweke. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi na sita. Yeye ndiye aliyenisuka nywele, akanipeleka shule, akawakatalia wachumba wawili mpaka nilipomaliza masomo. Akiniambia kaa, mpaka leo nakaa, na nina miaka hamsini na tatu.

Sasa, fedha za kujengea shule ziko wizarani, na wizara ina sharti lake. Mji unaotaka madarasa lazima kwanza uonyeshe kwamba umetimiza lengo lake la nyumba za bei nafuu. Mji wetu ulipangiwa makazi mia mbili. Si ya kwenye ramani, la, yenye watu ndani, na mwenye nyumba awe ametia saini kwamba kodi haitapita kiwango fulani kwa miaka kumi. Ukifikisha, jengo lako linaingia kwenye orodha ya mwaka huu. Usipofikisha, nafasi yako wanapewa wengine na wewe unarudi mkiani, ukae huko miaka mitatu minne.

Ofisini wote wanalitukana sharti hili. Hata mimi nililitukana. Halafu jioni moja nimeloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto, nikalifikiria vizuri, nikaona halina ujinga mkubwa kiasi hicho. Zaidi ya nusu ya watoto wa dada wanatoka kwenye vyumba vya kupanga. Kodi ikipanda, mzazi anafunga vitu vyake anahama, mtoto anabadilisha shule mara tatu kwa mwaka, hata jina la mwalimu hajalishika. Unamjengea nani darasa kama mama yake hana pa kulala? Sharti silichukii. Ninachochukia ni kwamba kazi ya kulitimiza iliniangukia mimi, na mimi nimechoka. Nimechoka uchovu ule ambao ukilala unaamka nao.

Tungeweza kujenga, tena bila shida. Halmashauri ina kiwanja mtaa wa juu, kitupu, kinaota majani tu. Nyumba arobaini zingekaa pale bila kubanana. Lakini wakazi wa mtaa ule walikuja mkutanoni wamevaa utadhani wanakwenda harusini, wameshika karatasi yenye saini mia na kitu. Wakasema hawana neno na watu wa kipato kidogo, jamani, nani ana neno nao, ila barabara ni nyembamba na maji yenyewe hayatoshi. Mmoja wao ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa shule. Alisimama akazungumza juu ya elimu, mkono kifuani, mpaka watu wakafuta machozi. Ilipofika kura ya kiwanja, mkono ule ule ukapanda juu kukataa. Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma, na kama si heshima ya kazi ningepiga mluzi.

Basi, zilipobaki siku kumi na mbili fomu iende wizarani, bosi wangu akaniita. Ofisini tunamwita Bwana Kesho, na hakuna haja ya kueleza. Siku hiyo kwa mara ya kwanza nilimwona ana haraka.

"Tuna mia na sabini na nne," akasema. "Bado ishirini na sita. Tutayatoa wapi?"

"Mimi ni mkaguzi wa majengo, bosi. Si mganga."

"Makazi ni nini? Nisomee sharti linasemaje."

Sikuhitaji kusoma. "Chumba au vyumba vyenye mlango wake wa kufunga, bomba lake la maji, na jiko lake."

"Na jiko lake," akarudia polepole, kama mtu anayemlisha mtoto. "Sasa nifungulie lile daftari lako la kubomoa."

Hapo ndipo nilipoelewa, nikatamani sakafu ipasuke inimeze.

Ni hivi. Katika mji huu wenye nyumba wana kawaida ya kujenga meza ndogo ya zege kwenye kona ya kila chumba cha kupanga, mpangaji aweke jiko lake la mkaa apike humo humo. Kwa miaka mitatu mimi nimezibomoa meza hizo. Nikikuta chumba kina meza na hakina tundu la kutolea hewa, natoa notisi: siku kumi na nne, ivunjwe, watu wakapike kwenye jiko la pamoja uani. Meza ikishavunjwa, kile si makazi tena. Ni chumba tu. Nyumba ya vyumba tisa yenye jiko moja uani inahesabiwa makazi mamoja. Na aliyekuwa akiyafuta daftarini, mstari mmoja mmoja, kwa kalamu nyekundu na mwandiko mzuri, ni mimi. Nilikuwa nimebomoa majiko thelathini na moja. Hakuna mtu mwingine mji mzima ambaye angeweza kufanya kosa lile, maana hakuna mwingine anayefanya kazi yake kwa bidii ya kijinga namna ile. Mitaani wananiita Bi Nyundo. Wanadhani sijui.

"Nilifanya sawa," nikamwambia Bwana Kesho.

"Sijasema ulikosea. Nimesema bado ishirini na sita."

Na kweli nilifanya sawa, na sababu nitaisema mara moja tu. Kabla sijaanza kubomoa, polisi waliniita kwenda kupima dirisha la chumba fulani. Mume na mke walikuwa wamelala jiko la mkaa linawaka pembeni, mvua inanyesha nje, mlango umefungwa. Hawakuamka. Nilifika na futi kamba yangu nikatazama ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Hapakuwa na dirisha la kupima. Polisi ananiuliza aandike ngapi kwa ngapi, mimi nimesimama kama gogo. Tangu siku hiyo, kwenye jambo la hewa sina msamaha na mtu.

"Majiko yatarudi," nikamwambia bosi, "lakini kila moja na tundu lake linalotoka nje kabisa. Bila tundu sitii saini."

"Weka hata matundu kumi. Mradi yawe ishirini na sita."

Nikaanza kuzunguka. Mungu ndiye shahidi wangu, nimefanya kazi nyingi za kudhalilisha, lakini hiyo ilizidi. Mlango wa kwanza alitoka dereva mstaafu mwenye vyumba vinne. Aliponiona tu akaita ndani, "Ficheni sufuria, Bi Nyundo huyo!" Nikavumilia. Nikamweleza nilichokuja kuomba. Akaweka mkono sikioni.

"Sema tena, mama. Hili sikio lina shida."

"Naomba ujenge jiko."

"Lile lile ulilolivunja?"

"Lile lile. Ila na tundu la hewa."

"Ngoja kwanza." Akamwita mkewe, akawaita na majirani wawili waliokuwa wanaanika nguo, akanifanya nirudie mbele yao wote. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nami nikasimama pale na mkoba wangu, nikasubiri wamalize, kwa sababu vyumba vinne ni vyumba vinne. Alitia saini. Huko kwingine mambo yalikuwa hayo hayo. Kuna aliyekwishageuza vyumba kuwa stoo ya saruji, huyo nikampoteza. Kuna aliyenipiga danadana siku tatu, njoo asubuhi, njoo mchana, mara kaka yangu ndiye mwenye hati. Kila jioni dada alinipigia simu. Hakuuliza habari za kutwa, hakuuliza nimekula. "Ngapi?" Namwambia. "Haya," anakata simu.

Katika siku nane nilipata kumi na saba. Yakabaki tisa, na tisa yote yalikuwa kwa Mama Funguo.

Mama Funguo ni mjane wa miaka sitini na nne, mwenye nyumba ya ghorofa moja iliyobanwa kati ya nyumba nyingine mbili. Anatembea na kifurushi cha funguo kiunoni, unamsikia kabla hujamwona. Nilipobomoa meza zake tisa alilia mbele ya wapangaji wake, na mimi nikamsomea kifungu cha sheria huku analia. Safari hii aliniacha nimesimama barazani muda mrefu, akifagia mahali palipokwisha kufagiwa.

"Na akija bosi mwingine akasema vunjeni tena?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui.

"Angalau leo umesema kweli." Akaegemeza ufagio ukutani. "Miaka kumi kodi isipande. Unajua bati linauzwaje siku hizi?"

"Najua."

"Na mimi nimechoka, mwenzangu. Kila baada ya miezi miwili mtu anahama, nafagia chumba, napaka rangi, namtafuta mwingine, naye anahama. Nikiwa na watu wanaokaa, nitalala." Akanitazama. "Nitatia saini. Lakini utasema mbele ya wapangaji wangu kwamba zile meza hazikuvunjwa kwa roho mbaya yangu. Walinisema sana. Mmoja hanisalimii mpaka leo."

Nikakubali kwa shingo upande. Jioni ile akawatoa wote kwenye ukumbi wa chini, milango tisa wazi, akina mama wamebeba watoto, wanaume wamejifunga taulo. Nikasema. Nikasema amri ilikuwa yangu, mama huyu hakuwa na kosa, na kwamba niliwavunjia majiko kwa ajili ya usalama wao, wasivute moshi wa mkaa wamelala.

Mwanamke mmoja, wa chumba cha chini ya ngazi, akasema bila hasira yoyote, kama anayekumbusha kitu kidogo, "Kwani tuliacha kupika ndani?"

"Unasemaje?"

"Jiko la uani ni moja, sisi ni familia tisa. Ulipovunja meza tukapikia chini, sakafuni. Na mlango tunafunga, usije ukapita ukatuona."

Wenzake walitazama miguu yao. Sikumbuki niliagaje. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa nasema peke yangu, maana zamani walipikia kwenye meza mlango ukiwa wazi, na sasa wanapikia chini umefungwa, na aliyewafungisha ni mimi na notisi zangu. Miaka mitatu nimelala usingizi mzuri nikidhani nimeokoa watu. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona, na sikumwambia mtu, hata dada.

Fundi alianza kazi kesho yake. Fundi mzuri, mtu mzima, asiye na maneno. Siku ya mwisho, saa tano asubuhi, nikaenda kukagua. Fomu ilikuwa mkobani, kila mstari umejazwa kasoro hiyo tisa, na gari la kuipeleka lilikuwa linaondoka saa kumi alasiri.

Mimi sikagui tundu kwa macho. Nawasha kipande cha gazeti, nakizima, nakishika karibu na meza, natazama moshi unakwenda wapi. Chumba cha kwanza moshi ulitoka vizuri. Cha pili vilevile. Mama Funguo alikuwa nyuma yangu akihesabu kwa sauti, na kila nilipoandika jina aliguna kwa kuridhika. Tano. Sita. Saba. Nane. Nilikuwa na mia na tisini na tisa, na moyo ulianza kunidunda kama wa msichana.

Cha tisa kilikuwa kile cha chini ya ngazi. Mpangaji hakuwepo, alikuwa ameshakwenda kazini kwake. Tundu lilikuwepo, limepigwa plasta safi kabisa. Nikawasha gazeti, nikalizima, nikalishika. Moshi ukapanda, ukaingia kwenye tundu, ukakaa kidogo, halafu ukarudi wote usoni kwangu.

Nikakohoa. Nikarudia mara ya pili, mara ya tatu.

"Hili tundu linatokea wapi?" nikamuuliza fundi.

Akakuna kichwa. "Chini ya ngazi. Kule kwenye uwazi."

"Uwazi ule una mlango?"

"Hauna. Umezibwa."

"Kwa hiyo halitoki nje."

"Mama, nitobolee wapi? Ukuta huu ni wa jirani, huu ni wa jirani mwingine, huu ni chumba cha mwenzake. Ni kupitisha bomba juu mpaka darini. Nipe siku nne."

Siku nne. Nikatazama saa. Ilikuwa saa saba kasoro.

Mama Funguo akanishika mkono. Sikuwahi kudhani atanishika mkono. "Tia saini," akasema. "Nakuapia, wiki ijayo bomba litakuwa juu. Fundi huyu hapa, naye anaapa." Fundi akaapa. Na nadhani walisema kweli wote wawili. Lakini nimekuwa katika kazi hii miaka ishirini na nane, na najua muhuri ukishapigwa kinachofuata. Fundi anapata kazi nyingine. Bomba linapanda bei. Mvua inaanza. Wiki ijayo inakuwa baada ya mfungo, baada ya mavuno, baada ya kitu chochote.

Sikutia saini. Na wala sikuandika mia na tisini na tisa. Nikafunga mkoba nikaenda shuleni kwa dada, na sitajipamba hapa: nilikwenda ili aniamuru. Nilitaka mtu mwingine aubebe mzigo ule, na maisha yangu yote mtu huyo amekuwa yeye.

Zamu ya mchana ilikuwa imeshaingia. Ofisi yake ni nusu ya stoo, imegawanywa kwa kabati, na mlango unatazamana na darasa la pili kwa upana wa ukumbi tu. Alikuwa anasahihisha madaftari. Hakuinua kichwa.

"Ngapi?"

"Mia na tisini na tisa."

Akacheka, akidhani natania. Kisha akainua uso akaniona. Akaweka kalamu chini.

"Na la mia mbili?"

"Lipo. Halina hewa."

Nikamweleza yote, tundu, ngazi, siku nne. Alisikiliza kama anavyowasikiliza wazazi, mikono juu ya meza. Nilipomaliza akasema, "Wizara watakuja kukagua lini?"

"Mwezi ujao."

"Na bomba ni siku nne. Basi andika mia mbili, na baada ya siku nne itakuwa kweli. Tatizo liko wapi?"

"Dada, nimeona moshi umerudi."

"Mimi nina watoto mia nane." Hakupandisha sauti. Angepandisha ningeona nafuu. "Nina walimu wawili wamelazwa mwaka huu kwa uchovu. Nina darasa linalosomea ukumbini. Uliponifungia jengo sikukulaumu, uliza mtu yeyote kama nimewahi kukulaumu. Sasa unanifungia na hili ambalo hata halijajengwa. Kwa ajili ya tundu moja."

"Niamuru, dada."

"Nakuamuru. Andika."

Nikatoa fomu nikaitandaza juu ya madaftari ya watoto. Nikatoa penseli kwanza, si kalamu. Nilikuwa nimekwishaandika mguu wa herufi ya kwanza ya jina la yule mpangaji, nikakwama, nikatafuta mkobani karatasi yenye maelezo yake. Dada alikuwa na haraka, akainyakua, akavaa miwani anisomee.

"Mama mmoja," akasoma. "Watoto wawili. Wote wanasoma." Akasogeza karatasi mbali kidogo na macho. "Wanasoma hapa."

"Nusu ya mtaa ule wanasoma hapa."

"Mapacha?"

"Ndiyo, mapacha. Wa kike. Unawajua?"

Aliisoma karatasi tena, ingawa haikuwa na maneno ishirini.

"Mama yao anapika saa ngapi?" akauliza.

"Sijui. Lazima wale kabla ya kuja zamu ya mchana. Saa tano, saa sita. Mlango wanafunga. Wanaufunga kwa ajili yangu, dada. Nisiwaone."

Akavua miwani.

"Wanasinzia," akasema. "Wale watoto wanasinzia kila siku. Mwalimu wao alinijia muhula uliopita, akasema hawa wawili kichwa kinawauma, wanalala kwenye dawati, tufanyeje. Nikasema ni visingizio, wanacheza asubuhi nzima halafu wanakuja hapa kupumzika. Nikamwambia awasimamishe nyuma ya darasa, kila mmoja kona yake, ndio hawatalala."

Nikasema, "Hukujua."

"Wewe nawe hukujua. Tumekuwa wawili."

Akasimama, akavuka ukumbi. Kutoka pale nilipokaa niliwaona, wasichana wawili wadogo, viatu vimezidi miguu, mmoja kona hii na mwingine ile, migongo imeegemea ukuta. Dada aliinama kwa kila mmoja kwa zamu. Sikusikia aliwaambia nini. Niliona tu wa kwanza akimtazama kwa wasiwasi, hajui kama ni kweli, ndipo akaenda kukaa. Yule wa pili alipofika kwenye dawati alilala juu ya mikono yake palepale, na darasa zima likamgeukia, na mwalimu wao akawaambia wageuke mbele.

Dada alirudi akakaa. Alionekana na miaka yake yote.

"Andika mia na tisini na tisa," akasema.

"Tutarudi mkiani. Miaka mitatu, pengine minne."

"Najua kuhesabu. Andika, kabla sijaghairi."

Nikafuta penseli. Nikaandika mia na tisini na tisa kwa wino, nikatia saini yangu, nikagonga muhuri niliokuwa nao mkobani. Dada aliitazama namba ile mpaka ikakauka.

"Yule fundi wa bomba aanze leo," akasema. "Jengo au si jengo. Na mama yao umpitie jioni hii, umwambie apike mlango wazi, na kwamba wewe huna neno."

"Nitampitia."

"Haya, wahi gari."

Nilipofika mlangoni niligeuka kumuaga. Alikuwa amesogeza madaftari pembeni, ametoa drooni karatasi kubwa nyeupe na rula, na ameshaanza kuchora ratiba ya zamu mbili, asubuhi na mchana, ya mwaka ujao, ambao yeye hatakuwepo.